Nilibatizwa nikiwa mchanga, sasa naambiwa haukuwa ubatizo. Nifanyeje?

Mtafuta_Njia: Wapendwa katika Kristo, naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, cheti kimepotea. Sasa nasali kwenye kanisa la maji mengi, na mchungaji anasema ule haukuwa ubatizo, nililoweshwa kichwa tu. Nisipozamishwa sihesabiwi mshirika na meza ya Bwana siigusi. Nikizamishwa, naona kama namkana Mungu aliyenipokea kwanza. Aliyebatizwa utotoni ni Mkristo au si Mkristo? Nijibuni hilo tu.

Maji_Mengi: Ubatizo ni wa mtu anayeamini na kukiri mwenyewe. Towashi wa Matendo 8 aliteremka majini pamoja na Filipo. Usiogope. Maji yakufike kiunoni, kunja mikono kifuani, shika kitambaa cha kuziba pua. Mhudumu ataweka mkono mmoja nyuma ya mabega na mwingine juu ya mikono yako. Legeza magoti ulale kinyumenyume. Ukikaza mgongo, miguu inateleza na paji la uso linabaki nje, na wahudumu wengi hapo hurudia. Warumi 6:4 inasema tulizikwa pamoja naye, na kuzikwa ni kufunikwa mwili mzima.

Msomahistoria: Maji machache si jambo la juzi. Didake, maandishi ya Kikristo ya mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, inataka maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, maji mengine. Baridi yakishindikana, ya vuguvugu. Na yote yakikosekana, mimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Suala la kurudia nalo ni kongwe. Mwaka 256 Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alishikilia kwamba waliobatizwa na wazushi wabatizwe kanisani. Stefano, askofu wa Roma, akakataa, akasema wawekewe mikono tu. Baraza la Arles la 314 likaamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Utatu asibatizwe tena. Waliobatizana upya Zurich, Januari 1525, walikuwa na hoja nyingine kabisa: mtoto hana imani, kwa hiyo kwao ule ulikuwa wa kwanza, si wa pili. Mchungaji wako anasimama upande huo.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Nani alikubatiza? Maji yaligusa wapi, na yalitiririka au yalipakwa? Alitamka maneno gani? Ulibatizwa parokia gani, tukuelekeze daftari la ubatizo? Cheti kupotea si tatizo, kinatolewa kingine kutoka daftarini.

Mtafuta_Njia: Hayo ya daftari yana maana gani? Mungu haniulizi cheti.

Mama_Ibada: Kweli haulizi. Lakini amekuuliza binadamu mwenzako anayetaka kukusaidia, nawe unakwepa. Tena mnaohesabu vidole vya maji, kumbukeni kuna madhehebu ya Kikristo, kama Jeshi la Wokovu na Waquaker, yasiyobatiza kwa maji, na yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa. Tazameni matunda ya mtu kwanza.

Katekista: Mama, hayo ni kweli na Kanisa linafundisha juu ya ubatizo wa tamaa, yaani wa anayeutamani ubatizo akafa kabla ya kuupata. Ila mnyang'anyi hakuwa na nafasi, huyu anayo. Mtafuta Njia, jibu.

Mtafuta_Njia: Sawa. Sikubatizwa kanisani. Nilizaliwa njiti, hali yangu ikawa mbaya usiku, padri hakupatikana. Bibi alikuwa haoni vizuri na mikono inamtetemeka, kwa hiyo yeye alitamka maneno na muuguzi akamimina maji. Baada ya hapo nilipona, na hakuna aliyenipeleka parokiani.

Katekista: Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Ubatizo wa dharura unakubalika kabisa: kanuni 861 ya sheria za Kanisa Katoliki inaruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi abatize panapo hitaji, hata asiye Mkristo. Muuguzi angeweza peke yake, bibi naye peke yake. Kinachoharibu ni kugawana. Anayemimina ndiye anayetamka, wakati uleule. Bibi alisema "nakubatiza" na hakumimina. Muuguzi alimimina na hakusema neno. Katika mafundisho ya Kikatoliki hapo hakuna aliyebatiza.

Berea: Mimi uzi huu naona umetungwa. Mwanzo cheti "kimepotea". Sasa hakukuwa na kanisa wala daftari, hicho cheti kilitoka wapi? Na mtoto njiti wa siku moja anakumbukaje nani alishika kikombe? Mtu katafuta kisa kigumu cha kitabuni ili Wakatoliki na Wapentekoste wagombane.

Maji_Mengi: Nami nimeanza kushuku.

Mtafuta_Njia: Sijatunga. Nilichokiita cheti ni maandishi ya bibi nyuma ya kitabu chake cha sala, ndicho kilichopotea. Habari yenyewe nimesimuliwa na mama na shangazi, wote walikuwepo. Shangazi anaongeza kwamba bibi naye alichovya kidole akanipaka usoni, mama hakumbuki. Niliona aibu kuandika yote. Na jina langu limeshaandikwa kwenye orodha ya watakaozamishwa Jumapili. Moyo wangu umetulia juu ya hilo, msinivuruge.

Mama_Ibada: Mtu aliyetulia haombi ushauri usiku wa manane, mwanangu.

Katekista: Berea, nadhani ni kweli. Mtunzi asingekileta kidole cha bibi, maana kinageuza kesi yote. Na kujua kwa kusimuliwa kunatosha: kanuni 876 inakubali shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, ilimradi hakuna anayedhulumiwa.

Mtafuta Njia, mama na shangazi waandike kila mmoja kivyake, bila kusomeana: nani alishika maji, nani alitamka, maneno yenyewe, maji yalipita kwenye ngozi au kwenye kofia na kitambaa, na bibi alipopaka kidole alikuwa bado anatamka au amemaliza. Mpelekee paroko. Ikithibitika waligawana na hakuna zaidi, unabatizwa kama mtu mzima yeyote, baada ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo. Ikibaki shaka ya kweli, ni ubatizo wa masharti, kanuni 869: "Kama hujabatizwa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hapo hakuna kumkana Mungu, kama ule wa kwanza ulikuwepo, maneno hayo hayaurudii.

Msomahistoria: Upande wa pili nao usemwe. Akizamishwa Jumapili kwa maji na kwa jina la Utatu, Kanisa Katoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida wataupokea. Hataweza baadaye kwenda kuomba mwingine. Kwa hiyo achague kwanza anataka kuishi imani yake wapi, ndipo aingie majini, na apewe maandishi: tarehe, mahali, mhudumu, mashahidi, maneno yaliyotamkwa.

Mtafuta_Njia: Maneno kwetu ni "kwa jina la Yesu Kristo". Ndivyo ilivyo Matendo 2:38.

Maji_Mengi: Kumbe! Hilo ungesema mapema. Hata sisi wengi wa maji mengi tunatumia Mathayo 28:19, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Katekista: Basi simama kwanza. Ubatizo wa jina la Yesu peke yake Kanisa Katoliki haliuhesabu, na makanisa mengi ya Utatu yatakutaka ubatizwe upya. Utatoka majini Jumapili na swali lilelile. Mwone mchungaji kabla ya siku hiyo, umwulize mambo mawili: kanisa lenu linakiri Mungu katika Utatu, au linafundisha kwamba Yesu ndiye Baba na ndiye Roho? Na kama linakiri Utatu, yuko tayari kutamka maneno ya Mathayo 28:19 juu yako? Akijibu, rudi utuambie alivyosema, neno kwa neno.

Mtafuta_Njia: Nitamwona Alhamisi baada ya maombi. Jina nimeomba liondolewe kwa sasa. Shangazi ameanza kuandika.