Mrejesho: Mitungi miwili ya kuzamia ya marehemu baba, Goma

Wandugu, nawashukuru kwa dhati kwa majibu yenu nilipouliza kama mitungi ya hewa ya kuzamia majini niliyoikuta stoo bado inafaa kutumika. Yule aliyenishauri nisome alama zilizogongwa begani mwa mtungi, chini ya shingo, alisema kweli: tuliposugua rangi, mtungi wa chuma ulionyesha ICC-3AA2250 na 6-62, yaani shinikizo la pauni 2,250 kwa inchi ya mraba na kipimo cha kwanza cha uimara, cha Juni 1962. Baada ya kutoa hewa yote na kufungua vali, tuliuviringisha ukiwa na kokoto ndani, tukausuuza na kuukausha papo hapo kwa hewa ya moto. Kutu ilitoka, lakini vishimo vimebaki karibu na kitako, na kwa kuwa haujapimwa upya kwa shinikizo la maji kuona kama bado ni imara, sitaujaza. Ule wa alumini, wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351 mliyonitahadharisha kuwa huweza kupasuka shingoni, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye hesi (mikunjo ya kufungia vali) za shingoni. Kwa uchungu, nimeukata vipande viwili ili mtu asiujaze tena.