Mjadala: Je, boti iruhusiwe kuondoka mwaloni (kituo cha boti ufukweni mwa ziwa) bila majina ya abiria?

Wadau, nianze na kitambaa. Mei 1996 baba alitoka Kyotera, Uganda, akavuka mpaka wa Mutukula hadi Mwanza, Tanzania, mkononi kipande cha kitenge alichopewa na fundi, mabaki ya gauni alilosafiri nalo shangazi. MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, ilikuwa imezama tarehe 21 ikitokea Bukoba, Mwanza imeshakaribia. Baba akapita kwenye mistari ya maiti akilinganisha maua ya kitenge. Siku tatu. Akarudi nacho.

Shangazi alikata tiketi ya daraja la tatu, na daraja hilo halikuwa na orodha ya abiria. Meli ilikuwa ya watu 430. Waliokufa, huyu atakwambia 800, yule 1,000. Shangazi yetu kwenye karatasi hajafa. Kibanja chake, yaani shamba lake, kingali kwa jina lake, na kila tunakokwenda tunadaiwa hati ya kifo. (Jajja, mzazi wake shangazi, naye alikataa matanga mpaka anaingia kaburini. Huyo simlaumu.)

Msimamo wangu: boti yoyote inayotoza nauli Uganda, hata ya visiwa vya Ssese, isiondoke bila majina. Basi la kwenda Mwanza linaniandika, boti inashindwa nini?

Mvuvi wa Kasensero: Pole, ndugu yangu. Lakini jina halielei. Tuanze na majaketi ya kuokolea. Huku ukitoa daftari, abiria wanadhani ni mtu wa kodi, wanahamia boti ya jirani. Ile boti ya starehe ya Mutima, Mukono, Novemba 2018, ilijazwa kupita kiasi na leseni haikuwa nayo. Daftari lingesaidia nini?

Mhaya wa Mutukula: Mnasahau tundu! MV Bukoba ilipinduka ikabaki inaelea, ndani mna watu. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Tujadili uokoaji.

Mwenye mada: Majaketi sawa, sijayapinga. Ila anayeandika majina anahesabu hata asipotaka, na kujaza boti kunaonekana pale pale, kabla ya kung'oa nanga. Na hilo tundu, mzee wangu, linaniuma kuliko unavyodhani. Waliosimama juu ya ule mgongo wa meli wangemuuliza nani ndani mna wangapi?

Mvuvi wa Kasensero: Haya, daftari nitanunua. Boti ikizama nalo je?

Mwenye mada: Piga picha ukurasa, mtumie mtu wa mwaloni kabla hujavuta injini.

Mvuvi wa Kasensero: Na wasiotaja jina la kweli? Visiwani wamejaa.

Mwenye mada: Andika analoitwa hapo mwaloni. Shangazi kule Bukoba walimwita Mama Ndizi. Hata hilo baba angelishika.