Nimepewa ofa ya umeneja wa mji huku Marekani, kura 3 kwa 2. Nichukue au nibaki nilipo?

MamaWawili_NC

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni ushauri maana nimekwama na Ijumaa ijayo natakiwa kujibu.

Mimi ni Mtanzania, miaka 36, niko North Carolina huu mwaka wa 13, uraia nilishapata. Nina masta ya utawala wa umma na miaka 7 nimekaa ofisi ya bajeti ya jiji moja, yaani zimamoto wanataka gari, watu wa bustani wanataka mashine ya nyasi, mimi ndo yule dada wa kuwaambia hela hakuna. Nimezoea na bosi hana shida.

Sasa niliomba kazi ya umeneja wa mji mdogo, watu kama elfu 4 hivi, jina sitaji. Wamenipa. Dola elfu 94 kwa mwaka, sasa hivi napata 73. Tatizo ni kwamba baraza lina madiwani 5 na kura zilikuwa 3 kwa 2, halafu Novemba kuna uchaguzi wa viti vitatu, na viwili kati ya hivyo ni vya hao hao walionikubali. Pia wanataka nihamie ndani ya mji kabla ya miezi 6 kuisha, mume wangu ni nesi wa zamu za usiku na hospitali yake iko mwendo wa saa moja na nusu kutoka huko, watoto wawili wako shule.

Mama yangu Morogoro nilimwambia tu nimeitwa kazini, keshatangazia mtaa mzima kuwa mwanae kateuliwa mkurugenzi wa halmashauri na anauliza V8 ni ya rangi gani. Mama, gari lenyewe ni Ford waliyoichoka polisi, matundu ya antena bado yako kwenye paa 😂

Halafu kuna kitu kinanisumbua. Jumapili moja kabla ya intavyuu nilienda kuuona mji kimyakimya. Karibu na posta kuna maji yanatoka chini ya lami, hayaruki, yanachuruzika tu taratibu, na wameweka koni moja ya rangi ya machungwa. Ile koni imeota ukungu wa kijani upande mmoja. Sijui kwa nini siisahau.

Nawasilisha.

Kijitonyama_Boy

Hongera dada. Ila sijaelewa, meneja ndo meya au? Si ungegombea tu.

MzeeWaKabrasha

@Kijitonyama_Boy hapana mkuu, ngoja nikufafanulie maana hata wanaoishi huku miaka 20 wengi hawajui. Marekani miji haifanani. New York, Chicago, Boston meya ndo mwenye serikali, anachaguliwa na anaendesha. Ila maelfu ya miji mingine, ikiwemo mikubwa kama Phoenix, Dallas na Charlotte, wananchi wanachagua baraza, halafu baraza linaajiri mtu wa taaluma aendeshe mji. Meya anaongoza kikao na kukata utepe, kwa dada hapo North Carolina miji mingi meya hapigi hata kura mpaka kura za madiwani zilingane. Meneja ndo anaajiri na kufukuza wakuu wa idara, anaandaa bajeti, anaandaa kabrasha la kikao, na bomba likipasuka saa 8 usiku simu ni yake.

Mfumo huu ulishika kasi baada ya Dayton, Ohio kufurika Machi 1913, wakaona siasa za kupeana vyeo haziwezi kujenga mji upya, Januari 1914 wakaanza na meneja, injinia wa kazi. Kwa sisi wa nyumbani ni kama mkurugenzi wa halmashauri, ila kuna tofauti moja na ndo inamhusu dada. Mkurugenzi wetu anateuliwa na Rais, madiwani wakimchoka watapiga kelele lakini hawamtoi wao. Huku wanaokuajiri ndo wanaokufukuza, na wakiwa watano wanahitajika watatu tu.

Kwa hiyo dada, wewe hujaajiriwa na mji. Umeajiriwa na watu watatu, wawili wako kwenye karatasi ya kura Novemba.

Nyar_Kisumo

Wueh! Hiyo hesabu ya Mzee imenikausha. Huku Kenya pia sheria ya miji ya 2011 iko na city manager lakini nani anamjua, sisi tunamjua governor.

Dadangu ukikataa 94 mimi nitalia kwa niaba yako. Lakini usinunue nyumba. Kodisha.

Bonge_la_Mtu

Pesa ipo hizo kazi msimtishe. Kuna yule meneja wa Bell, California alikuwa anavuta karibu dola laki 8 kwa mwaka kwa mji wa watu elfu thelathini na kitu 😎

MzeeWaKabrasha

@Bonge_la_Mtu malizia stori basi. 2010 magazeti yakamuanika, 2014 akahukumiwa miaka 12 jela. Usimharibie mtoto wa watu.

Fundi_Bomba

Mimi siko ofisini kama nyie, mimi ni mtu wa maji, miaka 11 kwenye kiwanda cha kusafisha maji mji mdogo huku huku Carolina, mameneja wanne wamepita nikiwa nawaangalia. Mmoja alikaa miezi 9.

Dada hiyo koni ndo intavyuu yako, wao walikuwa wanakuuliza maswali na koni ilikuwa inakujibu. Niambie kitu kimoja, huo mji ulikuwa na kiwanda cha nguo? Kama ulikuwa nacho basi stori naijua, kiwanda ndo kilikuwa kinanunua maji mengi, mabomba na matenki yakajengwa kwa saizi yake, kiwanda kikafungwa watu wakapungua, bomba limebaki kubwa vile vile na bili inagawanywa kwa bibi vizee wachache wa pensheni. Diwani hataki kupandisha bei ya maji maana atakosa kura, miaka inaenda hakuna kinachotengenezwa, wanaweka koni.

Omba ripoti za ukaguzi wa hesabu za miaka mitatu, ni za umma hawawezi kukunyima. Usisome mfuko mkuu, wewe mtu wa bajeti utakimbilia huko, soma mfuko wa maji na maji taka. Kama wanachota huko kuziba kwingine, au ripoti zenyewe zimechelewa kupelekwa kule Raleigh kwenye tume ya jimbo inayosimamia hesabu za miji, basi wa kwanza kulaumiwa bei ikipanda utakuwa wewe, jina lako gumu na lafudhi yako. Samahani lakini ndo ukweli.

MamaWawili_NC

@Fundi_Bomba umenishtua. Kiwanda kilikuwepo. Soksi. Ripoti ya mwaka jana kwenye tovuti yao sijaiona, nikadhani ni uzembe wa tovuti.

Na bajeti lazima ipite kabla ya Julai 1, nikianza Mei nitaikuta ya mtu mwingine imeiva nusu.

Shangazi_Dayton

Mwanangu mimi nimekuwa meneja msaidizi miaka 9, na nimewahi kuondolewa kwa kura 4 kwa 3 siku ya Jumanne, Jumatano nilishakabidhi funguo. Hakuna kosa nililoambiwa, madiwani walibadilika tu. Nilikula akiba miezi mitano. Kwa hiyo nakuambia la mkataba kwanza: usisaini bila malipo ya kuachishwa ya miezi 6, na iandikwe kwamba hawawezi kukuondoa siku kadhaa kabla na baada ya uchaguzi. Sio tamaa, mameneja wengi wanayaomba hayo na baraza makini halishangai.

La pili, usimpigie kampeni diwani yeyote, hata hao watatu wako. Chama chetu cha mameneja wa miji, ICMA, kina kanuni za maadili tangu 1924 na hilo hawana mchezo nalo. Kanuni hizo hizo zinategemea ukae walau miaka miwili, kwa hiyo usiende kwa kujaribu jaribu.

La tatu, mtafute aliyetoka kabla yako. Halafu mtafute mmoja wa wale wawili waliokukataa, unywe naye kahawa. Wale watatu hawana jipya la kukuambia.

Kijitonyama_Boy

Shangazi anaongea kama amekula chumvi ya nchi nzima. Nimekaa kimya.

MamaWawili_NC

MREJESHO wakuu, Alhamisi usiku.

Aliyetoka nilimpata kwa simu, alikaa miezi 14. Hakutaka kusema mengi, akaniuliza tu "umeshaona posta?" nikacheka mwenyewe jikoni.

Diwani wa hapana tumekutana kwenye kimgahawa cha asubuhi, mzee wa miaka 70 na kitu, kaja na bili zake za maji za miaka sita zimebanwa kwa klipu. Akaniambia hakunikataa mimi, alikataa kumlipa meneja 94 wakati bomba halina hela. Akanionyesha bili moja moja kwa kidole. Wale watatu hakuna hata mmoja aliyenitajia maji siku ya intavyuu, waliniuliza habari za tamasha la mtaani na jina langu linatamkwaje.

Ripoti ya ukaguzi imechelewa miezi kadhaa.

Nimerudisha mkataba: malipo ya miezi 6, zuio la kunigusa siku 90 kabla na baada ya uchaguzi, na kuhamia iwe mwaka mmoja badala ya miezi 6, nitakodisha. Mshahara nimewaambia nitachukua 88, ile 6 iende kwenye kutafuta mivujo ya bomba. Mume wangu kanitazama kama nimechanganyikiwa. Wamekubali yote ila siku 90 wamefanya 60. Kesho saa 4 asubuhi nasaini.

Fundi_Bomba

Kumpa diwani wa hapana hoja yake mwenyewe, hapo umecheza dada. Na ile koni?

MamaWawili_NC

Ipo. Nimepita leo, wameongeza ya pili.