Makala inayofanana na yangu imetoka kabla sijawasilisha: nifanyeje?

Swali

Habari wakuu. Andiko langu la sumukuvu (aflatoksini) kwenye mahindi ya maghala ya kaya limebakiza mjadala tu. Sasa nimekuta rasimu ya kundi jingine bioRxiv (hifadhi ya mtandaoni ya makala zisizohakikiwa bado): swali lilelile, kipimo cha ELISA (hutumia kingamwili kunasa sumu) kama chetu. Niendelee au nibadili mada? Na nikishuku data imevuja?

Jibu 1

Pole, lakini usiliache. Muhtasari unaweza kukutisha bure, kwa hiyo soma mbinu zao mstari kwa mstari, hasa uchukuaji wa sampuli. Sumukuvu haienei sawasawa guniani. Punje chache huweza kubeba karibu sumu yote. Aliyechota konzi mdomoni mwa gunia na aliyechoma bambo sehemu kadhaa, akachanganya, akasaga yote ndipo akapunguza, hawajapima kitu kimoja. Angalia pia msimu, unyevu wa punje, na kama walithibitisha kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali moja moja), maana ELISA wakati mwingine hunasa viambata vingine na namba ikapanda.

Halafu kikomo cha sumu kinachoruhusiwa. Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, 5 kwa aina ya B1 peke yake. Kama wametumia 20 ya Marekani, asilimia zao hazilinganishwi na zako mpaka uhesabu upya.

Jibu 2

Nakazia: wahi. Pandisha rasimu yako wiki hii, warejee wao kwenye utangulizi na useme wazi kazi zimekwenda sambamba. Kuwanyamazia ndiko kunakoua andiko, kwani mhakiki akiikuta mwenyewe, yaliyobaki atayasoma kwa shaka. Kwenye barua kwa mhariri taja makala yao, tarehe yake na tofauti mbili tatu. Jarida la PLOS ONE hupima usahihi, si upya wa matokeo. PLOS Biology tangu 2018 inakupa miezi 6 ya kuwasilisha baada ya mwenzio kuchapisha, bila kukuhesabia kuwa umetanguliwa.

Jibu 3

Kuhusu kuvuja: wazo kufanana si wizi. Tafuta makosa yanayofanana, mfano namba uliyoikosea jedwalini nayo ikatokea kwao. Ukiipata, kusanya daftari la maabara, kibali cha maadili, data ghafi na barua pepe, uanzie kwa msimamizi na ofisi ya utafiti ya chuo; wahariri wengi hufuata mwongozo wa COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji). Kupakia data Zenodo (hifadhi ya data mtandaoni) leo kunathibitisha tarehe ya leo tu. Na tafadhali usiwataje mitandaoni kabla ya hapo.

Usipopata kitu, waandikie. Makala mbili za maeneo tofauti zinaweza kuombewa nafasi pamoja kwenye jarida moja.