Mjadala: Meli za wafungwa za Uingereza zilikuwa adhabu au mauaji?

Mchambuzi wa Tanga: Wakuu, makoloni ya Marekani yalipoasi, Uingereza ilikosa pa kuwapeleka wafungwa wake. Mwaka 1776 Bunge likaruhusu wawekwe kwenye meli kuukuu zilizotia nanga mto Thames, kwa miaka miwili tu. Zikadumu hadi 1857. Wapo wanaosema ilikuwa huruma, maana wengine wangenyongwa. Mimi nasema yalikuwa mauaji. Kati ya 1776 na 1795 waliingia karibu watu 6,000, wakafa karibu 2,000. Hakuna jaji aliyewahukumu kifo hao. Karibuni.

Afande Mstaafu: Nimefanya kazi magereza ujana wangu wote. Jela za nchi kavu zilikuwa zimejaa, mlitaka wezi wawekwe wapi? Na hawakukaa bure, walizoa mchanga mtoni na kufanya kazi Woolwich, kando ya mto huohuo. Walikula na kulala kwa gharama ya serikali.

Chausiku: Afande, hiyo ya kula kwa gharama ya serikali imenichoma. Kaka yangu alikaa mahabusu zaidi ya mwaka, kesi ikafutwa, akatoka na kifua kikuu. Usiseme hivyo tena hapa.

Afande Mstaafu: Pole sana dada. Ila kesi kuchelewa ni mambo ya mahakama na upelelezi. Askari magereza anapokea anacholetewa.

Chausiku: Anapokea anacholetewa! Na akizika, anazika alicholetewa?

Mwalimu J: Meli za kwanza, Justitia na Censor, zilikuwa za mkandarasi, Duncan Campbell, ambaye kabla ya vita alikuwa akivusha wafungwa kwenda Marekani. Serikali inamlipa awatunze, kwa hiyo kila anachopunguza kwenye sahani ni chake. John Howard, mpigania marekebisho ya magereza, alipoikagua Justitia mwaka 1776 alikuta biskuti zimeota ukungu.

Nahodha wa Mafia: Chakula ni nusu tu ya habari. Meli isiyosafiri haipati hewa tumboni. Usiku wanafungiwa chini, pingu miguuni, wamebanana, chawa wanahama kutoka mtu hadi mtu. Hapo homa ya chawa inamaliza watu.

Pwani Raha: Mnawalilia wazungu waliofungana wenyewe? Mwaka huohuo 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa anunue watumwa 1,000 kila mwaka. Hao waliiba nini?

Mchambuzi wa Tanga: Umesema mwenyewe, na Sultani wa Kilwa. Mkataba una pande mbili.

Pwani Raha: Chunga kauli. Wazee wangu ni wa Kilwa Kisiwani. Sultani alikuwa anatafuta wa kumkinga na Waomani.

Chausiku: Akinge kiti chake kwa watu 1,000? Mimi Mmakua wa Masasi, najua waliouzwa walikuwa kina nani.

Pwani Raha: Sasa mnaleta ukabila.

Mwalimu J: Jamani, turudi mtoni. Hamjagusa hata watoto. Kuanzia 1825 wavulana walifungiwa kwenye meli ya Euryalus kule bandari ya Chatham, Uingereza, wengine wa miaka 9.

Afande Mstaafu: Yote hayo ni ya kale. Leo hakuna serikali ya maana inayofanya hivyo.

Mchambuzi wa Tanga: Ya kale? Mwaka 1997 Uingereza hiyohiyo ilifungua meli-gereza Weare pale bandari ya Portland. Mwaka 2023 wakaleta nyingine bandari ileile, Bibby Stockholm, wakaweka waomba hifadhi. Agosti wakahamishwa wote kwa sababu ya bakteria wa lejionela kwenye maji. Desemba mmoja akafariki humo.

Afande Mstaafu: Waomba hifadhi si wafungwa, walikuwa wanatoka na kurudi. Msichanganye mambo.

Nahodha wa Mafia: Aliyechanganya ni aliyewapandisha melini. Na hujamjibu Mwalimu kuhusu wale watoto.

Pwani Raha: Na mimi sijajibiwa kuhusu Kilwa.