Matone ya damu baada ya hedhi kukoma: ni ya kusubiri?

Mwanamwema50: Naomba kuelimishwa. Mwanamke amemaliza miaka miwili bila hedhi, kisha akaona matone ya damu siku moja tu. Haumwi popote, na kipimo cha shingo ya kizazi cha mwaka jana kilitoka safi. Angoje aone kama yatarudi? Na kuna dalili gani nyingine zisizofaa kungojewa?

Dkt_Uzazi: Asingoje, dada. Hedhi ikishakata miezi 12 mfululizo, damu yoyote ukeni ni ya kuchunguzwa, hata doa la kahawia. Wengi hukutwa na ukavu wa uke au uvimbe mdogo ulioota usio na madhara. Ila saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi nayo huanza hivyo hivyo, na ikigunduliwa hapo mara nyingi bado haijatoka nje ya mfuko.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya kupitia ukeni. Utando ukiwa na unene wa milimita 4 au chini, uwezekano wa saratani ni mdogo sana. Ukizidi hapo, huchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha utando) kwa mrija mwembamba kikapimwe maabara. Damu ikirudi tena, kinyama kichukuliwe hata kama utando ni mwembamba. Anayemeza tamoxifen (dawa ya saratani ya matiti) aseme mapema, kwani dawa hiyo hunenepesha utando.

Hicho kipimo "safi" ndicho kinachowaponza wengi: kinaangalia shingo, hakioni ndani ya mfuko wala ovari (vifuko vya mayai).

Nesi_Zamu: Saratani ya ovari ndiyo jeuri. Tumbo kujaa, kushiba kwa matonge machache, mkojo wa kila mara, maumivu ya nyonga: mtu hupewa dawa za gesi miezi mizima. Yakiwa mapya na yakitokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa baada ya miaka 50, aombe kipimo cha damu cha CA-125 na ultrasaundi. Aweke alama kwenye kalenda, maana "tumbo linanisumbua" halimsaidii daktari. CA-125 peke yake haitoshi; mwanzoni inaweza kuwa ya kawaida.

Damu baada ya tendo la ndoa, umri wowote: shingo ya kizazi itazamwe kwa spekulamu, kifaa cha kufungulia uke.

Titi_Salama: Naongeza matiti. Uvimbe kutouma si dalili ya usalama. Titi likivimba na kuwa jekundu, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, na dozi ya antibiotiki ikaisha bila nafuu, usikubali dozi ya pili bila picha na kinyama. Ukurutu wa chuchu moja pia: wa kawaida aghalabu huanzia kwenye duara jeusi linalozunguka chuchu, ule wa saratani huanzia kwenye chuchu yenyewe. Krimu huutuliza tu, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini.

Mwanamwema50: Asanteni. Kuchukua kinyama cha mfuko kunauma?

Dkt_Uzazi: Mkazo kama wa hedhi kali, dakika chache. Ameze ibuprofen saa moja kabla, kama haimdhuru. Matone ya siku moja mbili baadaye ni kawaida. Homa au damu nyingi, arudi siku hiyo hiyo.