Tupeane uzoefu: data za utafiti wako ziliwahi kukuponyoka?

Wakuu, salaam. Niko Bagamoyo. Naanzisha uzi huu kwa jambo lililonikaa rohoni tangu nilipofanya utafiti wa uzamili Mlingotini, kwa kina mama wa mwani.

Maji yakikupwa nilikuwa naingia nao baharini, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, naandika kwa penseli maana wino ukiguswa na maji ya chumvi unasambaa. Nauliza: mwani mkavu kilo ngapi, kauziwa nani, kwa bei gani. Wapo wakulima wanaopewa kamba na taitai (vikamba vyembamba vya kufungia mwani) na wakala kwa makubaliano kwamba mwani utarudi kwake. Ada ya mtoto ikibana, mtu anauza gunia moja mbili pembeni. Waliniambia hayo kwa kuniamini.

Nikakwama kwenye uchambuzi. Nikatupa faili zima la Excel kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzangu nisaidiwe. Lilikuwa na majina, namba za simu, na safu ya "aliuza kwa nani". Wiki tatu baadaye mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, yale niliyokwambia tukiwa wawili majini, wakala kanisomea leo kwenye simu yake. Kamba kaninyima."

Nilikwenda kumwomba radhi. Akanikaribisha jamvini, akanimiminia chai. Hilo liliniuma kuliko angenifukuza.

Tangu siku hiyo majina yanakaa faili moja lenye nywila, majibu faili jingine, yanaunganishwa na namba tu, mfano ML-014. Nikihitaji msaada natoa faili la majibu, tena nimeshafuta safu zisizohusika. Wenzangu, nyinyi yamewakuta yapi?

*Mtoto wa Chumbageni:*
Pole sana dada. Mimi ni Tanga, nilikuwa nachukua takwimu za samaki wanaoshushwa na ngalawa. Nilipochora grafu, Julai ikaonekana samaki tele. Nikampelekea nahodha mmoja mzee aione. Akaitazama kwa muda, akasema: "Hii si kweli, mjukuu wangu. Mwezi wa saba kusi linavuma, nani alikuwa anakwenda huko nje na ngalawa?"

Kurudi kwenye kompyuta, nikakuta ilikuwa inasoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. 07/01 yangu, yaani Januari 7 wakati wa kaskazi, imegeuka Julai 1. Tarehe zenye siku ya 13 na kuendelea zilibaki kama maandishi tu, kwa hiyo kosa lilikuwa nusu nusu, na kosa la namna hiyo ndilo gumu kuliona. Kilichoniokoa ni madaftari, sikuwa nimeyatupa. Sasa naandika 2019-01-07, mwaka kwanza, na faili ghafi siligusi, nafanyia kazi nakala. Wala tusijione peke yetu: mwaka 2020 wataalamu wa jeni walibadilisha alama za jeni kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza tarehe. MARCH1 sasa inaandikwa MARCHF1.

*Mdau wa Pangani:*
Data ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mimi nilikuwa na tatu, zote ndani ya begi moja. Begi likaibwa stendi.

*Muuguzi Muheza:*
Naongeza kwa dada wa Bagamoyo. Kufuta jina hakutoshi. Kwenye ripoti yangu niliandika "mjane, mkunga wa jadi, watoto saba", na kitongoji nikakitaja. Kitongoji kile mkunga wa jadi ni mmoja. Niliporudisha matokeo kijijini, mwenyekiti akamtaja kwa jina kabla sijamaliza kusoma, na yeye yumo kikaoni, kainamisha kichwa. Siku hizi sitaji kitongoji, naweka makundi ya umri badala ya umri kamili, halafu namwomba mtu wa palepale aliyenisaidia kazi asome kabla yangu. Akimjua mtu, sentensi hiyo inatoka.

*Mwanzisha uzi:*
Ahsante dada Muuguzi, hilo la mtu wa palepale nalichukua. Kwa wanaoanza sasa: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Habari za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Isomeni kabla ya kuandika fomu ya ridhaa, na kwenye fomu mseme wazi nani ataziona data na zitakaa muda gani. Fomu yangu ya Mlingotini ilisema "zitatumika kwa masomo tu". Yule mama aliweka dole gumba chini ya maneno hayo.

*Mtoto wa Chumbageni:*
Dada, na kamba je? Alipata?

*Mwanzisha uzi:*
Alipata. Tulichanga na wenzake watatu tukamnunulia. Wakala hakumrudia.